Katibu na Maswali ya Dirishani

Ukisimama stendi ya Tukuyu ukauliza Katibu yuko wapi, hakuna atakayekuuliza katibu yupi. Makatibu tunao wengi, wa kanisa, wa msikiti, wa vikundi vya kukopeshana, lakini Katibu bila nyongeza ni mmoja tu, yule mzee mrefu wa kijiji cha Kinyala mwenye koti la kijivu na mwavuli uliovunjika ubavu. Zamani alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa chai. Chama kilikufa, ofisi ikageuzwa ghala la mbolea, cheo kikabaki naye. Jina lake nimeliandika mara nyingi kwenye karatasi za watu wengine, hapa sitaliandika. Hata mkewe alimwita Katibu.

Mimi nina studio ya picha karibu na stendi. Babu yangu alikuja huku kutoka pwani na mizigo ya kanga, akasema atakaa hadi mvua ikatike. Mvua ya Tukuyu haikatiki, ndiyo maana mpaka leo tupo. Napiga picha za pasipoti, natoa kopi, na siku hizi najaza maombi ya viza kwenye kompyuta, kwa sababu vijana wanaoijua kompyuta hawana subira na wazee. Katibu ananiita Mama Picha. Mume wangu alipofariki alishuka kutoka Kinyala kwa miguu, akaketi barazani na wanaume, na wakati wa kuondoka akaniambia, "Mama Picha, pole fijo." Fijo ni sana kwa Kinyakyusa. Kiswahili chake kwa kawaida alikitunza kama shati la Jumapili, hakukichanganya na kitu, kwa hiyo nilijua limemgusa.

Hajui kuzungumza bila kufungua kikao. "Ajenda ni moja tu," husema akiketi kwenye benchi langu, na ajenda haijawahi kuwa moja hata siku moja. Tutaanza na hali ya mvua, tuje kwenye yatokanayo, yaani yale tuliyoyaacha safari iliyopita, halafu tufike kwenye mengineyo, na huko kwenye mengineyo ndiko jambo lenyewe linakojificha. Siku nikiwa na wateja humwambia, "Katibu, tuanze na mengineyo leo." Hununa, lakini huanza.

Nyumbani kwake ilikuwa vilevile. Mkewe, mama mcheshi aliyeniletea maziwa ya mgando kila alipokuja sokoni, alinisimulia kwamba jioni kabla ya kula mzee hugonga meza kwa kijiko na kutangaza kuwa akidi imetimia. "Tuko wawili, mwanangu," aliniambia akicheka hadi akashika ubavu, "akidi gani hiyo?" Mama yule alizikwa nyuma ya nyumba, penye migomba. Baada ya wiki chache nilimpelekea Katibu picha za mazishi, nikamkuta mezani, ndizi zimepoa mbele yake, kijiko kimelala. Nikamwambia ale. Akanijibu bila kuinua macho, "Akidi haijatimia." Nilidhani ananitania, nikacheka. Hakuwa anatania. Nilirudi mjini kwa bodaboda, nikapika, na mimi pia nikala peke yangu.

Mtoto wao ni mmoja aliyebaki. Yuko Ulaya, kwenye nchi ambayo sitaitaja, maana waliomkatalia baba yake viza walikuwa wanafanya kazi yao na sipendi kumsema mtu nyuma ya kioo chake. Huko alioa mwenyeji, jina lake Lena, wakapata mtoto wa kiume. Vibali vya kijana huyo vya kuishi kule vimekuwa vikisubiri kujibiwa muda mrefu. Akitoka hana hakika ya kurudi ndani, na ndani kuna mke na mtoto. Kwa hiyo mama yake alizikwa yeye akitazama kwenye simu, simu ambayo niliishika mimi, nimesimama kwenye tope, mvua ikipiga kioo. Tulipomaliza Katibu aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Ninataka nimwone kabla hajaitwa kunizika," alisema, "kwa sababu kunizika hatakuja."

Basi tukaanza habari ya viza. Lakini kabla sijafika huko lazima nieleze kitu kimoja, bila hicho huyu mzee hatoki vizuri.

Katibu ni mtu wa mambo mapya. Yeye ndiye aliyeng'oa kahawa ya baba yake na kupanda miparachichi wakati watu wa Kinyala wakimcheka kwamba anapandia nyani. Wazee wenzake walipotaka ng'ombe wengi kwa ajili ya mahari ya binti wa ndugu yake, aliwaambia binti si trekta, wapunguze. Aliwahi kusimama kanisani akaomba mahubiri yawe na muda maalumu. Ukimwona namna hiyo utasema huyu mila alishaziaga.

Hakuziaga zote. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Mwanamke akimwona baba mkwe anakuja njiani, huingia migombani mpaka mzee apite. Hawalali chini ya paa moja, wala hawatajani majina. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, tena ndiyo heshima yenyewe, salamu ni chenji tu. Vijana wameiacha, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao selfi. Katibu, yule wa binti si trekta, hakuiacha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mkewe alimheshimu baba yake hivyo miaka yote, alizunguka na ndoo ya maji kichwani kumpisha. "Nikiiacha leo," alisema, "yeye atakuwa alizungukia nini?"

Sasa mfikirie mtu huyu na simu ya video. Kila Jumapili mwanawe hupiga, Katibu huketi barazani, simu imeegeshwa kwenye kikombe, anazungumza na mjukuu. Sauti ya Lena ikisikika tu upande wa pili, Katibu hukamata simu na kuilaza kifuani, kioo kikitazama koti. Anabaki hivyo, macho yako mlimani. Mtoto kule anaona giza, anaita, "Babu? Babu?" Na Katibu anaitika, "Nipo, nipo," akiongea na simu iliyo kifuani mwake. Nimeyaona haya mara nyingi. Mara ya kwanza nilicheka sana, baadaye nikaacha kucheka.

Mahitaji ya viza tuliyakusanya pole pole. Pasipoti, mwaliko wa mwanawe, bima ya safari, barua ya mtendaji kwamba anafahamika, hati ya shamba. Picha ndiyo iliyotuhangaisha kuliko yote. Wanataka nyuma kuwe na kitambaa cheupe, macho wazi, mdomo umefungwa, usicheke. Katibu kutocheka anakuweza, lakini mwanga ukipiga hufumba macho. Nilipiga, akafumba. Nikamwambia atazame ukutani, akafumba. Mwishoni tuliipata moja, na katika hiyo anaonekana kama mtu aliyeambiwa habari mbaya wakati huohuo.

Halafu nikamfanyia mazoezi ya usaili, maana lazima aende Dar es Salaam akaulizwe kwenye dirisha la ubalozi. Mimi nilikaa nyuma ya meza nikawa ofisa.

"Mzee, utafikia wapi?"

"Kwa mwanangu hapana."

"Katibu! Mwaliko umeandika utaishi kwao."

"Mwaliko ameuandika mwanangu, yeye ni mtoto. Mle ndani yumo mkwe. Nyumba yenyewe vyumba viwili, mlango unatazamana na mlango. Nitalala wapi mimi?"

"Sema tu kwa mwanao. Ukifika kule utajua mwenyewe."

Alinitazama kama kwamba mimi ni mjumbe aliyependekeza wagawane fedha za chama. "Mama Picha," alisema, "mtu akikuuliza utalala wapi, anakuuliza kwa sababu ana wasiwasi nawe. Humdanganyi mtu wa namna hiyo." Nilimwambia kule dirishani hakuna anayemwonea wasiwasi wa aina anayoidhania. Hakunielewa, au alinielewa akakataa.

Aliporudi kutoka Dar alinisimulia kikao chote, akiigiza sauti zote mbili. Alikuwa binti nyuma ya kioo, mwenye adabu, alimwamkia. Akamuuliza nyumbani amemwacha nani. Katibu akajibu, "Ng'ombe." Binti akasubiri. "Na nani mwingine?" Katibu akasema mke wake yuko nyuma ya nyumba. Binti akafurahi, akaandika, akauliza mama anafanya shughuli gani. "Amepumzika," Katibu akasema, "tulimzika penye migomba." Yule binti akafuta alichoandika. Halafu likaja la kufikia wapi, naye akaeleza yote, mila, milango inayotazamana, heshima. Akaulizwa kama kuna mtu mwingine anayemfahamu kule. "Hakuna," alisema, "lakini nchi haiwezi kukosa kanisa."

Pasipoti alirudishiwa palepale. Karatasi ilisema maelezo yake na ya mwenyeji wake hayalingani, na kwamba haikuonekana kitu cha kumrudisha nyumbani.

Linaniudhi jambo hili na nalisema wazi. Maswali yale ni mengi lakini yanazunguka moja tu, utarudi? Na jibu wanalolitaka ni mtu. Mwenye mke, watoto na kazi hupita, hata kama anakwenda kutembea tu. Aliyebaki peke yake, ambaye ndiye hasa mwenye haja ya kwenda, anaambiwa kwa kuwa huna mtu huku, hatuwezi kukuruhusu umwone mtu wako kule. Nimejaza fomu hizo kwa wengi na sijui swali hilo lingetungwaje vizuri zaidi. Najua tu kwamba Katibu alikaa kwenye benchi langu siku ile mpaka nilipofunga, na hakufungua kikao.

Kwa kuwa yeye hakwenda na mwanawe haji, akaja Lena. Alikuja na mtoto, wakati wa masika, barabara ya Kinyala ikiwa tope tupu. Kiswahili alifundishwa na mumewe, cha kukatikakatika lakini hakiogopi. Aliniambia viza yake ya kuingia kwetu aliipata uwanja wa ndege baada ya kupanga foleni. Nilipompelekea Katibu habari hiyo, alitaka maelezo kamili.

"Walimuuliza atafikia wapi?"

"Walimuuliza."

"Akajibuje?"

"Kwa baba mkwe, Tukuyu."

"Wakasemaje?"

"Wakagonga muhuri."

Katibu alitikisa kichwa muda mrefu. "Kumbe jibu ndilo hilo," alisema.

Alimwachia mkwe nyumba nzima, yeye akahamia kibanda cha kuwekea parachichi. Asubuhi alipita nyuma ya migomba ili asionane naye. Chakula alipelekewa na mjukuu, na mjukuu ndiye aliyebeba salamu kwenda na kurudi, nusu akizisahau njiani. Mtoto alimpenda. Walishinda pamoja kwa ng'ombe, wakizungumza lugha mbili ambazo hazikukutana popote. Lakini Lena alikuwa akikonda. Alikuja studio peke yake, akaketi pale anapoketi Katibu, akaniuliza, "Mama, mimi nimekosa nini?" Nikamweleza kwamba hakukosa, kwamba anaheshimiwa. Akafuta pua. "Kwetu," alisema, "mtu anakimbia mtu anayemchukia." Nilimshika mkono.

Walipokaribia kuondoka nikasema lazima wapige picha, wote. Katibu alikubali kwa sharti. Nikafunga kile kitambaa cheupe cha picha za viza katikati ya chumba, Katibu huku, Lena kule, mtoto mbele kwenye ukingo wa kitambaa amemshika kila mmoja mkono. Nilikuwa natafuta mwanga niliposikia Lena akisema, akiongea na kitambaa:

"Baba. Mimi sikuja kuona mlima. Nyumba yangu ina chumba chako. Kitanda kipo. Mtoto anauliza kwa nini babu ana giza kwenye simu. Mimi nimjibu nini?"

Mvua ilikuwa juu ya bati, na nje kijana wa bodaboda alikuwa akipiga honi bila sababu.

"Mama Picha," Katibu akasema, maana hakutaka kumwambia mkwe moja kwa moja. "Mwambie kwa ukoo wetu mwiko huu unafunguliwa. Si kwa maneno. Mzee anatoa ng'ombe, anampa mkwe, wanashikana mikono, basi."

"Amekusikia, Katibu."

"Mwambie ninaye mmoja. Ni wake kuanzia sasa."

Nilimjua ng'ombe yule. Tangu mama afariki ndiye aliyesikia vikao vyote vya jioni. Ndiye aliyetajwa dirishani kabla ya mtu mwingine yeyote. Lena hakuelewa yote, lakini alielewa ng'ombe, akaanza kulia. Katibu akazunguka kitambaa, kichwa chini, mkono mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani. Lena akapiga magoti alivyofundishwa na mumewe, akaupokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo mzee alipoinua uso. Picha niliipiga. Ni picha pekee ambayo Katibu hakufumba macho hata bila kurudia, ila hatazami kamera, kwa hiyo kwa viza haifai.

Waliondoka. Ng'ombe alibaki Kinyala, Katibu akimchungia mwenye mali. Kila Jumapili alimwambia Lena maziwa yametoka kiasi gani, na simu haikulazwa kifuani tena.

Kisha mwaka huu, asubuhi ya ukungu, akaingia studio akiwa amenyoa. Alikuwa amepungua, koti limekuwa kubwa. Hakutaja mvua wala yatokanayo. "Tunaomba upya," alisema. Nikampiga picha, akafumba, tukarudia, tukapata. Nikafungua maombi kwenye kompyuta, nikaanza kumuuliza moja moja.

"Utafikia kwa nani?"

"Kwa Lena," alisema. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina hilo kinywani mwake. Alilitamka taratibu, kama mtu anayevuka daraja la mti.

Nikaandika. Swali lililofuata nililijua, nikajifanya natafuta miwani.

"Nani umemwacha nyumbani?"

Alifikiri. "Ng'ombe si wangu tena," alisema. "Siwezi kuandikisha mali ya mtu."

"Ndugu?"

"Ndugu wana nyumba zao." Akatazama mikono yake, akatazama mlango. Halafu akasema kwa sauti ndogo, ile ya mengineyo, "Andika Mama Picha."

Nikacheka, ili nipate pa kujificha. "Watauliza mimi ni nani kwako."

"Andika jirani. Andika ananisubiri."

"Kinyala na stendi ni ujirani gani, Katibu?"

"Andika," alisema.

Nikaandika. Tangu mume wangu afariki na wanangu wahamie Mbeya, hakuna aliyewahi kuniweka mahali popote kama mtu anayesubiri.

Alisafiri kwenda Dar kwenye usaili na basi la jioni. Aliniachia siku atakayorudi, Alhamisi asubuhi, kama mtu anayetoa taarifa tu, bila kuniomba kitu. Alhamisi ile mvua ilishuka tangu alfajiri, wateja wasingekuja, ningeweza kulala. Lakini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kuna mtu anamsubiri, na niliona aibu maneno yale yawe uongo. Nikajifunga kanga mbili, nikachukua mwavuli wa duka, nikaenda kusimama penye mabasi.

Alishuka wa mwisho. Koti limekunjamana, bahasha kwapani, mwavuli wake mbovu ameusahau Dar. Alitazama chini kutafuta pa kukanyaga, kisha akaniona.

"Mama Picha. Umefuata nini kwenye mvua hii?"

"Nakusubiri."

Akasimama pale kwenye tope, wapagazi wakimpita kushoto na kulia.

"Pasipoti wamenirudishia palepale," alisema. "La kufikia kwa Lena waliliandika bila shida. Wakauliza nani ananisubiri nyumbani. Nikawaambia. Hawakuniamini."

Nikamsogezea mwavuli.

"Siwalaumu," alisema. "Hata mimi sikuamini, mpaka sasa hivi nilipokuona."